Kiwanja cha Nne

Kwa Sanga, juu ya Sabaki
5 Machi 2024

Kwa Daktari Wanjira,

Shikamoo. Mimi naitwa Kadzo, ndiye niliyepewa kazi ya kuhesabu miti kwenye machimbo yaliyofukiwa, baada ya yule wa kwanza kupata kazi Mombasa. Fundi wenu Dedan alinifundisha siku mbili kisha akarudi Nairobi. Alisema kila mara nijaze fomu, niitie kwenye bahasha pamoja na kadi ya kamera, niipeleke ofisi ya mabasi Malindi, na kwamba wewe hutaki fomu za kwenye simu. Huku simu yenyewe haishiki mpaka upande kilima, kwa hiyo mimi nawe tumeelewana kabla hatujaonana.

Nimehesabu viwanja vyote vinane. Kila kimoja kilipandwa miche ishirini na mitano mwaka juzi: mivinje, mikwaju, mibambakofi na mirihi. Kiwanja cha nne kina miti ishirini na minne iliyo hai. Vingine vina kumi na mitatu, kumi na minne, kumi na mitano, hivyohivyo. Sasa nakuuliza, mti uliokauka majani, lakini ukikwaruza gome chini ni kijani, niuandike hai au maiti? Dedan hakuniambia.

Fomu imeuliza mimi ni nani kwa eneo hili. Nafasi ilikuwa ndogo, nikaandika "mwenyeji". Ukweli ni kwamba Sanga alikuwa babu yangu. Kabla kampuni haijaja kuchimba mawe ya chuma, shimo lile lilikuwa boma letu. Tulihamishiwa ng'ambo ya barabara, na ukisimama mlangoni kwetu unauona ua wa waya. Naishi na nyanya yangu, Mbodze. Sisi twasema hawe. Anakusalimu ingawa hajui wewe ni nani.

Wako,
Kadzo


Nairobi
18 Machi 2024

Kadzo,

Marahaba. Bahasha imefika salama, na mwandiko wako unasomeka, jambo ambalo sikulizoea.

Gome likiwa kijani, mti ni hai. Ila usiukwaruze mti uleule kila mwezi, utauua wewe mwenyewe.

Ni vizuri ujue kazi hii inaishia wapi. Mwezi wa Novemba ripoti yetu inakwenda serikalini. Ikiwa miti iliyo hai kwa jumla ya viwanja vyote ni asilimia sitini au zaidi, kampuni inapewa cheti, inaondoka, ua unang'olewa na ardhi inarudi kwenu. Ikipungua sitini, kampuni inalazimika kurekebisha udongo na kupanda upya, na ua unabaki pale miaka mitatu mingine. Kwa kuwa wewe ni wa boma lile, najua unachotamani. Nakuomba uhesabu kama mtu asiyetamani chochote.

Kiwanja cha nne kimenishangaza. Kina nini ambacho vingine havina?

Wanjira


Kwa Sanga
6 Juni 2024

Kwa Daktari Wanjira,

Shikamoo. Fomu ya mwezi huu imo humu. Cha nne bado ishirini na minne. Kuhusu swali lako, nadhani kiko bondeni kidogo, maji ya mvua yanatuama.

Huku si wazima sana. Miguu ya hawe imeanza kuvimba. Nimempeleka zahanati, wamempa vidonge, anavimeza wakati nikimtazama tu. Kila siku ananiuliza Novemba imebaki miezi mingapi, kisha ananiuliza tena kama vile nilimpunja. Nikueleze kwa nini. Kampuni ilipokuja ilihamisha makaburi kumi na moja ya kwetu. La kumi na mbili, la babu Sanga, halikuonekana. Sisi mzee akifariki husimamishiwa kijiti kinachoitwa koma, anapelekewa maji pale na kuambiwa habari za nyumbani. Koma ya babu iliungua moto wa msituni zamani, na bila hiyo hakuna aliyeweza kuonyesha kaburi. Walitafuta siku tatu, kisha mashine zikaendelea. Kwa hiyo yumo mlemle, sehemu fulani ya udongo uliorudishwa. Hawe anataka ua ung'olewe azikwe karibu naye, na mimi nimemwahidi itakuwa hivyo.

Sikuandika haya ili unionee huruma. Umeniambia nihesabu kama mtu asiyetamani chochote, nami nimeona nisikufiche kwamba natamani.

Kadzo


Nairobi
20 Juni 2024

Kadzo,

Pole kwa kuuguza. Miguu ikivimba aiinue juu ya mto akilala, na mpunguzie chumvi. Mama yangu alikuwa hivyo, na chumvi ndiyo iliyotugombanisha mpaka mwisho.

Hukuniudhi kwa kuniambia. Lakini sasa nina ombi. Kabla ya fomu ya Septemba, chimba mashimo mawili ya kina cha mkono, moja kiwanja cha nne na lingine cha sita. Pima ule udongo mweusi wa juu unaishia wapi, uniandikie. Nataka kujua miti inasimama juu ya nini.

Wanjira


Kwa Sanga
8 Septemba 2024

Kwa Daktari Wanjira,

Shikamoo. Hesabu ya mwisho kabla ya ripoti ni hii. Cha nne, ishirini na minne. Vingine saba kwa pamoja, tisini na minane. Jumla mia moja ishirini na miwili kati ya mia mbili. Nimepiga hesabu mara nne na kila mara napata asilimia sitini na moja.

Mashimo nimechimba. Kiwanja cha sita udongo mweusi ni shubiri moja, chini yake mawe matupu. Kiwanja cha nne pia shubiri moja.

Hawe amefurahi. Amemwagiza Japheth, mlinzi wa lango, atafute mtu wa kung'oa waya.

Kadzo


Nairobi
19 Septemba 2024

Kadzo,

Nimezitazama picha zako tangu jana. Nina maswali, na ningependa uyasome ukiwa umeketi.

Uliniandikia kuwa kiwanja cha nne kiko bondeni. Nimefungua ramani ya vipimo: ndicho kilicho juu kuliko vyote. Udongo wake, kwa kipimo chako mwenyewe, ni mwembamba sawa na wa kiwanja cha sita, ambako karibu nusu ya miti imekufa. Huko kwenu hakujanyesha tangu Julai. Hata hivyo, kwenye picha zako ardhi iliyo chini ya miti ile ni nyeusi kwa unyevu, na pembeni kuna alama ya gurudumu la baiskeli.

Bila kiwanja hicho, miti iliyo hai ni asilimia hamsini na sita. Naamini hilo ulishalijua.

Sikuulizi kama mkubwa wako wa kazi. Nauliza kwa sababu picha ni zako, na mtu anayetaka kuficha kitu kabisa angepiga picha upande mwingine.

Wanjira


Kwa Sanga
29 Septemba 2024

Daktari,

Maji nilibeba mimi. Naanza na hilo usije ukadhani kosa ni la mzee.

Siku Dedan na wenzake walipokuja kupigilia vigingi mwaka ule wa kupanda, hawe alikuwa amesimama nje ya ua nami nimemshika mkono. Walipofika katikati ya kiwanja cha nne walisimamisha kigingi cha mti mgumu, kimo cha kiuno. Dedan akavua kofia ajifute jasho, na wenzake wakavua za kwao. Wakamwaga maji yaliyobaki kwenye chupa zao pale chini ili udongo ushikane, kisha wakasimama kimya kidogo, kwa uchovu nadhani. Hawe akatazama kilima, akatazama mkwaju wa barabarani, akasema ni palepale. Akasema kampuni haikuwa na adabu lakini imejifunza, imemsimamishia mzee koma yake. Watu wamevua kofia na wamemwaga maji. Kwetu sisi jambo hilo halihitaji kuelezwa. Alilia, Daktari, na hawe si mtu wa kulia.

Mimi nilijua ni kigingi cha kupimia. Nilifungua mdomo nikaufunga.

Tangu siku hiyo Japheth humfungulia lango asubuhi. Anakwenda na kata moja ya maji, anamwaga, anasema nani amezaa, nani amehamia Muyeye, ng'ombe wa nani amevunja mguu. Kiangazi kilipokuja miche ikaanza kunyauka kuzunguka kigingi. Akasema ni aibu mzee anywe huku waliomzunguka wanamtazama kwa kiu. Basi nikaanza kuleta mitungi miwili kwa baiskeli kila baada ya siku moja, kutoka kioski ya maji. Wakati huo sikuwa na kazi yenu. Nilipoipata nilijua yanipasa kuacha, na sikuacha.

Sasa niambie nifanye nini. Viatu havimwingii tena. Ukikiondoa kiwanja cha nne utakuwa umemfungia ua mpaka afe, kwa ajili ya tarakimu. Wewe uko Nairobi na kalamu yako. Nisamehe kama nimevuka mpaka, lakini ndivyo ninavyoona na sitaki kuandika kingine.

Kadzo


Nairobi
9 Oktoba 2024

Kadzo,

Hukuvuka mpaka. Nami nikueleze jambo ambalo sijamwandikia mtu.

Miaka tisa iliyopita niliidhinisha machimbo mengine, huku bara. Miti iliyo hai ilikuwa asilimia sitini na nne. Mhesabuji wetu, mtu wa kijiji kilekile, aliniambia udongo ni mwembamba. Nilimjibu kuwa kiwango kimefikiwa. Wenyeji wakarudishiwa ardhi, wakanichinjia mbuzi, nikala. Mvua ya mwaka wa pili iliosha udongo wote. Mahindi yao yalifika magotini yakageuka manjano. Walipokwenda kwa kampuni walionyeshwa cheti chenye saini yangu, na hakuna aliyedaiwa chochote tena. Mmoja wao, mzee, nakutana naye sokoni nikienda nyumbani. Ananisalimu vizuri, anauliza hali ya watoto wangu, na mimi natamani angenitukana.

Shubiri moja ya udongo haiwezi kulisha boma. Mkirudi Kwa Sanga hivi ilivyo, mtarudi kwenye mawe, na atakayepaswa kuwaletea udongo atakuwa ameondoka na cheti mkononi.

Ripoti inatakiwa tarehe kumi Novemba. Ningeweza kukiondoa kiwanja cha nne leo. Sitafanya hivyo bila neno lako, maana jina lililo kwenye fomu ni lako na mzee ni wako. Lakini sitatia saini kitu ninachojua si kweli. Ukinyamaza, nitawaambia wakubwa wangu wamtafute mwingine wa kutia saini, na watampata bila shida. Ua utang'olewa na ahadi yako itatimia. Nimekuandikia yote mawili ili uchague ukiwa macho.

Wanjira


Kwa Sanga
25 Oktoba 2024

Kwa Daktari Wanjira,

Shikamoo. Barua yako nilikaa nayo siku tatu. Siku ya nne nilimkuta hawe akichambua mchunga kwenye ungo, nikaketi nikamwambia kile kigingi ni nini. Hakuacha kuchambua. Akauliza, wale watu walijua anachofikiria? Nikasema hawakujua. Akauliza, na wewe? Nikasema nilijua.

Akamaliza mboga zote. Kisha akasema, "Basi miaka miwili nimekuwa nikiupa habari za mji mti wa kampuni." Akaingia ndani. Siku sita hakusema nami. Alikula nilichopika, akazungumza na kuku. Sijawahi kuumia hivyo, hata siku tuliyohamishwa.

Siku ya saba aliniambia nimpeleke kwenye lile shimo nililokuchimbia. Nilimsaidia akapiga magoti, akatia mkono. Nikaona uso wake vidole vilipogusa mawe. Hawe amelima pale miaka hamsini, Daktari; anasema zamani jembe lilizama lote ukalitafuta. Akauliza udongo wetu uko wapi. Japheth, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, ndipo akasema kitu ambacho hakuwahi kukisema: aliona malori yakiuchukua ule udongo mweusi uliowekwa kando shimo lilipochimbwa, yakaumwaga kwenye barabara ya mashine. Hawe akajipangusa mkono kwa kanga. Akasema, "Waambie waulete udongo wangu. Sizikwi kwenye mawe kama mjusi."

Nikamkumbusha miaka mitatu. Akanijibu kwamba hesabu anaijua, na nisimfundishe.

Nimejaza fomu mpya. Penye kiwanja cha nne nimeandika hivi: "Kilimwagiliwa maji na mhesabuji kwa miaka miwili. Kisihesabiwe." Nimetia saini. Mkinifuta kazi nitaelewa. Sikufanya kwa ajili yako, na sitaki uchukulie hivyo.

Kadzo


Nairobi
3 Desemba 2024

Kadzo,

Asilimia hamsini na sita. Cheti kimekataliwa. Kampuni imeamriwa kuleta udongo, kina cha mkono hadi kiwiko, eneo lote, na kupanda upya mvua za masika. Maelezo ya Japheth kuhusu malori yamo kwenye ripoti, kwa idhini yake.

Hukufutwa kazi. Nilisema wakikufuta wanifute na mimi, wakaona ni usumbufu.

Mpe hawe salamu zangu. Mwambie mimi ndiye yule anayemsalimu bila kujua ni nani.

Wanjira


Kwa Sanga
2 Februari 2025

Daktari,

Hawe Mbodze amefariki tarehe ishirini na moja Januari, asubuhi, nikiwa nimemshika. Ami Chengo, ndugu wa baba, alitaka azikwe Barani anakokaa yeye, kwenye kiwanja chake. Nilikataa, tukagombana mbele ya watu, nikashinda. Tumemzika nyuma ya nyumba, ng'ambo ya barabara, anatazamana na ua wa waya.

Siku ile ya mwisho aliniuliza kama Novemba imefika. Nilimwambia bado. Hilo ndilo neno la mwisho aliloniuliza, na nilimdanganya tena.

Najua nilichokifanya kilikuwa sawa. Silali kwa sababu hiyohiyo. Usinijibu haraka, na usiniambie alikuwa amezeeka.

Kadzo


Nairobi
12 Februari 2025

Kadzo,

Pole. Sina neno lililo sawa na ulichopoteza, kwa hiyo nakuandikia habari tu.

Tingatinga zinaingia Kwa Sanga tarehe tatu Machi. Kila kilichomo kitang'olewa, miti pamoja na vigingi vyote. Dedan atakuja Mei kupigilia vipya. Kile cha katikati ya kiwanja cha nne nimekifuta kwenye orodha ya vifaa vyetu leo asubuhi. Hakina mwenyewe kwenye karatasi zangu.

Dedan nimemweleza. Alisema kama angejua asingevaa kofia tena siku ile.

Wanjira


Kwa Sanga
28 Novemba 2025

Kwa Daktari Wanjira,

Shikamoo. Nimekaa miezi bila kukuandikia barua, nikituma fomu peke yake. Uliacha iwe hivyo, nami nashukuru.

Udongo ulikuja. Si ule wetu, lakini ni mweusi. Nimechimba kila kiwanja kama ulivyonifundisha na mkono unaingia mpaka kwenye kiwiko kabla haujagusa jiwe. Tangu tupande sijamwagilia popote, na Japheth ni shahidi, amekuwa akinilinda mimi kuliko anavyolinda lango. Miti iliyo hai ni mia moja sitini na mitatu kati ya mia mbili. Kiwanja cha nne kina ishirini na mmoja. Minne iliyokufa ni mirihi, kama kwingine.

Tarehe mbili Machi, siku moja kabla ya tingatinga, nilikwenda na jembe nikakitoa kile kigingi. Niliwauliza wazee kwanza. Walisema watu wanaohama huwaacha waliolala walipolala, na kwenye makao mapya kila mmoja husimamishiwa kijiti kipya. Sisi tulihama, na babu hatukumsimamishia chochote, tulikuwa tukingoja kurudi. Ami Chengo alinuna. Alisema kile ni cha kampuni, na kimepakwa namba nyekundu. Nikamwambia kimekunywa maji ya hawe miaka miwili na kimesikia habari za mji wote, kama kuna kijiti kingine kinachomjua mzee kuliko hicho akilete. Hakuleta. Nimekisimamisha kando ya kichwa cha hawe, na ile nne bado inasomeka.

Kwa hiyo si hawe aliyemfuata mzee. Mzee ndiye aliyevuka barabara.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuhesabu, napeleka kata mbili za maji nyuma ya nyumba, moja ya hawe na moja ya babu, nawaambia miti imefika mingapi. Maji hayo sikuyaandika kwenye fomu.

Kadzo